Kimeng'enya Kilichozuiwa Thika

Kati ya Julai 2008 na Novemba 2010, watu wenye afya njema kutoka Thika na viunga vyake walianza kumeza kidonge kila siku ilhali hawakuwa wagonjwa. Kila mmoja wao alikuwa na mume au mke anayeishi na virusi vya Ukimwi. Hawakujua kama kidonge walichopewa kilikuwa na dawa au kilikuwa kitupu, na wahudumu waliowapa hawakujua vilevile. Swali lililowaleta pamoja lilihusu kitu kidogo mno: protini moja ya kirusi, na kama inawezekana kuizuia isifanye kazi yake hata mara ya kwanza.

Protini hiyo ni kimeng'enya. Mtu akitaka kuelewa kwa nini virusi fulani tumevidhibiti kwa vidonge na vingine vikatushinda, naona mahali pa kuanzia ni kwenye vimeng'enya vyao, na swali la kuuliza juu ya kila kimoja ni hili: je, kirusi kimekuja nacho, au kimekiazima kutoka kwetu? Vile kinavyokuja navyo hukipa nguvu, lakini hapo pia ndipo tunapoweza kukipiga bila kujiumiza. Vile kinavyoazima ndivyo vinavyotusumbua hadi leo. Ukanda huu wa Thika, Juja na Ruiru umeziona pande zote mbili, kliniki na hata kwenye mabanda ya ng'ombe.

Kirusi hakili, hakipumui, wala hakina ribosomu za kutengenezea protini. Ni furushi la maagizo ya kijeni ndani ya ganda la protini. Kirusi cha Ukimwi kina herufi za kijeni zipatazo 9,700 tu. Binadamu tuna bilioni tatu. Kwa nafasi finyu namna hiyo, kila jeni isiyo na faida hupotea mapema. Ndiyo maana kirusi huachia seli yetu kazi nyingi, yaani nishati, malighafi na utengenezaji wa protini, kisha kikabeba vimeng'enya vya kazi ambazo seli yetu haiwezi au haitaki kuifanyia. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kumalizika. Kikishafanya kazi moja huanza nyingine, maelfu ya mara. Vyetu humeng'enya ugali tumboni na kukarabati jeni zetu tulalapo. Vya virusi vina lengo moja, kuzaa virusi vingine.

Kirusi cha Ukimwi kinabeba vitatu vikuu. Cha kwanza ndicho kilichokuwa kikipigwa vita Thika, rivasi transkriptezi. Maagizo ya kirusi hiki yameandikwa kwa RNA, na seli yetu huhifadhi yake kwa DNA. Kimeng'enya hiki husoma RNA ya kirusi na kuandika nakala yake kwa DNA, kinyume cha mwelekeo wa kawaida wa seli. Kabla ya 1970, wanabiolojia wengi hawakukubali kwamba mwelekeo huo wa kinyume unawezekana. Howard Temin wa Wisconsin alikuwa ameutetea kwa miaka kadhaa bila ya kuungwa mkono na wengi. Mwaka huo yeye na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, walikipata kimeng'enya chenyewe ndani ya virusi vya saratani vya wanyama, na mwaka 1975 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Renato Dulbecco. Ugunduzi ule ulionekana kuwa wa kinadharia tu. Lakini mwaka 1983, wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walipokitafuta kisababishi cha ugonjwa mpya uliokuwa ukiangamiza kinga za watu, dalili iliyowajulisha kwamba wamepata kirusi ilikuwa ni utendaji wa kimeng'enya hicho kwenye chembe walizokuza. Kirusi cha Ukimwi kilitambulika kwa kimeng'enya chake kabla hakijajulikana vizuri kwa sura.

Cha pili ni integrezi. Huichukua ile DNA mpya, huipeleka kwenye kromosomu zetu na kuipachika humo. Kuanzia hapo seli haina njia ya kutofautisha jeni zake na za mgeni. Baadhi ya seli hizo ni za kumbukumbu ya kinga, zinazoweza kuishi kimya kwa miaka mingi. Hazitoi protini ya kirusi, basi hakuna cha kuishtua kinga, wala dawa haina pa kushika. Kwa sababu hii mgonjwa wa Ruiru aliyetumia dawa za Ukimwi (ARV) kwa miaka kumi, akaonekana hana virusi kwenye kipimo, akiziacha dawa virusi hurudi baada ya wiki chache. Watu wengi huambiwa dawa ni za maisha bila kuelezwa sababu. Sababu ndiyo hii, na nadhani mgonjwa anayeielewa huwa na uwezo zaidi wa kuvumilia kuliko anayeamrishwa tu.

Cha tatu, protezi, hufanya kazi mwishoni. Seli hutengeneza protini za kirusi zikiwa zimeungana kuwa mnyororo mmoja mrefu, na protezi huukata vipande vipande ili kila protini ikae mahali pake. Kikizuiwa, virusi hutoka kwenye seli vikiwa vichanga, visivyoweza kuambukiza yeyote.

Katika hivi vitatu, rivasi transkriptezi ndicho ninachokiona kuwa cha hatari zaidi, na hatari yake inatokana na kasoro yake. Seli zetu zinaponakili DNA huihakiki nakala na kusahihisha makosa. Kimeng'enya hiki hakihakiki chochote. Hukosea takriban herufi moja kwa kila makumi ya maelfu. Katika mwili wa mtu asiyetumia dawa huzaliwa virusi vipatavyo bilioni kumi kwa siku. Hivyo kila badiliko la herufi moja linalowezekana hutokea mahali fulani mwilini humo kabla ya jua kutua. Kinga ikitengeneza kingamwili za kuzitambua protini za nje za kirusi, tayari kuna watoto wa kirusi wenye protini zilizobadilika kidogo, nao ndio wanaosalia na kuzaana. Kirusi hakipangi njama yoyote. Makosa ya kimeng'enya kimoja yanatosha kukiweka mbele ya kinga kwa miaka, na ni miongoni mwa sababu kubwa za chanjo ya Ukimwi kutopatikana hadi leo.

Makosa hayohayo ndiyo yaliyozifanya dawa za kwanza zishindwe. AZT ilitengenezwa mwaka 1964 ikikusudiwa saratani, ikawekwa kando, kisha ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987 kama dawa ya kwanza ya Ukimwi. Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Rivasi transkriptezi hutunga herufi za DNA moja baada ya nyingine kama mtu anayetunga shanga kwenye uzi. AZT ni shanga iliyotobolewa upande mmoja tu: inaingia, lakini hakuna inayoweza kufuata baada yake. Uzi unakatika hapo. Kimeng'enya chetu cha kunakili DNA kwenye kiini cha seli hakidanganyiki kirahisi na shanga hiyo, kwa hiyo kirusi huumia zaidi kuliko sisi. Lakini dawa moja dhidi ya kimeng'enya kinachokosea kila siku haiwezi kudumu. Kufikia 1989 virusi sugu kwa AZT vilikuwa vimeshaelezwa.

Jirani zetu wa Kampala walilijua jambo hili kwa machungu. Mwaka 1999, utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na moja kwa mtoto baada ya kuzaliwa, hupunguza maambukizi ya mtoto kwa karibu nusu ikilinganishwa na AZT ya muda mfupi. Dawa hii haijifanyi shanga. Hujikita kwenye kishimo kando ya sehemu inayotenda kazi, ikakifanya kimeng'enya kishindwe kujikunja inavyotakiwa. Kwa nchi zisizokuwa na fedha lilikuwa jambo la kushukuru, na watoto wengi wako hai leo kwa ajili yake. Lakini badiliko moja tu la herufi, katika nafasi ya 103 ya kimeng'enya hicho, hulegeza mshiko wa dawa hiyo, na wiki chache baada ya kujifungua baadhi ya akina mama walikutwa na virusi vyenye badiliko hilo. Aliyemwokoa mtoto wake alibaki na virusi vigumu zaidi kutibika. Tangu 1996 ilikuwa imefahamika kwamba jawabu ni dawa tatu kwa pamoja, kwa kuwa kirusi kikiteleza kwa moja bado kinanaswa na nyingine. Tatizo lilikuwa bei. Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na mwaka 2001 Bunge likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu kutoka nje.

Watafiti wa Thika waliingia katika hadithi hii kwanza kupitia kirusi kingine kabisa, tutuko ya sehemu za siri, yaani hepesi aina ya pili. Ilijulikana kwamba wenye vidonda vya hepesi hupata na kuambukiza Ukimwi kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo likazuka wazo: tukinyamazisha hepesi, je, hatutapunguza Ukimwi? Dawa ilikuwepo, nayo ilikuwa ya bei rahisi na salama. Asikloviri, iliyotoka katika maabara ya Gertrude Elion, mshindi wa Nobel ya 1988, ni mojawapo ya dawa zilizobuniwa kwa akili zaidi ninazozijua. Ikimezwa, haina nguvu yoyote. Lazima kwanza ibandikwe fosfeti, na seli zetu huifanya kazi hiyo kwa udhaifu mno. Ila hepesi ina kimeng'enya chake chenyewe, thimidini kinezi, ambacho huibandika fosfeti hiyo upesi. Kwa maneno mengine, kirusi chenyewe ndicho kinachoigeuza dawa kuwa sumu, tena ndani ya seli zilizoambukizwa pekee. Seli nzima haidhuriki. Baada ya hapo dawa huingia kwenye mnyororo wa DNA ya hepesi na kuukatiza.

Utafiti wa kulipima wazo hilo ulihusisha jozi 3,408 za wenzi katika vituo 14 vya Afrika Mashariki na Kusini, Thika ikiwa mojawapo. Katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi vya Ukimwi pamoja na hepesi, na mwenzake hakuwa na Ukimwi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Asikloviri ilipunguza vidonda vya hepesi kwa asilimia 73 na kushusha wingi wa virusi vya Ukimwi katika damu kwa takriban asilimia 40. Maambukizi hayakupungua. Wenzi 41 waliambukizwa upande wa dawa, 43 upande wa kidonge kitupu.

Watu wengi huupita utafiti huu haraka kwa kuwa ulishindwa. Mimi nauona kuwa na thamani kubwa, kwani ulipima kwa uaminifu wazo lililopendwa na wengi na ukalikataa. Ulionyesha kwamba kukizuia kimeng'enya cha kirusi jirani hakutoshi, hata kama virusi hivyo viwili vinasaidiana. Hepesi hujificha kwenye mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo, na ikiwa imelala huko haitengenezi thimidini kinezi. Asikloviri inayopita hapo haina wa kuiwasha. Kushuka kwa virusi vya Ukimwi kwa asilimia 40 nako ni kudogo, kwa sababu hatari ya kuambukiza hupungua kwa uzito pale tu virusi vinaposhuka mara kumi au mara mia. Wenzi waliojitolea katika utafiti ule waliwapa watafiti kitu kingine pia: uhakika kwamba familia za aina yao zinaweza kufuatiliwa mwezi baada ya mwezi bila ya kuchoka. Utafiti wa vidonge vya kinga ulijengwa juu ya uhakika huo.

Huo uliitwa Partners PrEP, PrEP likiwa jina la vidonge hivyo vya kinga. Jozi 4,747 zilifuatiliwa katika vituo tisa vya Kenya na Uganda: Thika, Nairobi, Kisumu na Eldoret kwa upande wetu, Kampala, Jinja, Mbale, Tororo na Kabwohe kwa upande wa pili. Thika iliongozwa na Dkt. Nelly Mugo, daktari wa magonjwa ya wanawake na mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI. Julai 2011 kamati huru ya usalama iliagiza kidonge kitupu kisitolewe tena, maana tofauti ilikuwa imeshakuwa wazi mno kuendelea kuificha. Upande wa kidonge kitupu waliambukizwa 52. Waliomeza tenofoviri peke yake walikuwa 17, na waliomeza tenofoviri pamoja na emtrisitabini walikuwa 13. Hatari ilipungua kwa asilimia 67 na 75, na kwa wale ambao damu zao zilionyesha kwamba kweli walimeza dawa, kinga ilikuwa kubwa zaidi.

Kwa nini dawa ileile inayomtibu aliyeambukizwa bila kumponya iweze kumkinga asiyeambukizwa? Jibu liko kwenye ratiba ya vimeng'enya. Kirusi kikiingia kwenye seli ya kwanza, rivasi transkriptezi huanza kazi katika saa za mwanzo. Integrezi hufuata. Katikati ya hatua hizo mbili kuna mwanya, na mwanya huo hauji tena. Tenofoviri ikiwa tayari ndani ya seli, ikiwa imeshawashwa na vimeng'enya vyetu wenyewe, uzi wa DNA hukatika na kirusi hubomolewa kabla hakijapachikwa popote. Ikichelewa hadi baada ya integrezi kumaliza, dawa itazuia tu seli zijazo; ile moja iliyokwisha kupachikwa itabaki. Ndiyo maana kidonge humezwa kabla, na humezwa hata siku ambayo mtu haoni sababu yoyote ya kukimeza.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya busara. Katika mradi wa majaribio uliofanyika Thika, Kisumu, Kampala na Kabwohe, jozi 1,013 ziliunganishiwa kinga mbili: aliyeambukizwa aanze ARV, na mwenzake ameze PrEP hadi virusi vya mgonjwa viwe vimeshuka, takriban miezi sita. Ikilinganishwa na makadirio ya ambavyo ingekuwa bila kinga hiyo, maambukizi yalipungua kwa asilimia 96. Hapohapo Thika, jozi 74 za wenzi waliotaka kupata mtoto walisaidiwa kupanga tendo lao kwa siku za rutuba huku wakitumia dawa hizo, na hakuna hata mmoja kati ya wasioambukizwa aliyeambukizwa. Kwa familia ya Kikuyu ya Gatundu au Gatanga, ambako ndoa isiyo na mtoto hupata maswali kutoka pande zote za ukoo, hili lilikuwa na uzito kuliko takwimu yoyote. Kenya iliidhinisha PrEP Desemba 2015 na kuizindua nchi nzima Mei 2017.

Hadi hapa nimezungumzia vimeng'enya ambavyo kirusi huja navyo. Upande wa pili ni mgumu zaidi, kwani seli zetu nazo zina vimeng'enya vya kujilinda. Kimoja huitwa APOBEC3G. Kikiingia ndani ya kirusi, huishambulia DNA changa na kubadilisha herufi moja kuwa nyingine mara nyingi sana hadi maagizo yote yanaharibika. Kirusi hulijibu shambulio hili kwa protini ndogo iitwayo Vif, ambayo mwaka 2002 Ann Sheehy na Michael Malim walionyesha kwamba inafanya kazi dhidi ya kinga hii hasa. Vif si kimeng'enya. Hukishika APOBEC3G kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine huukamata mtambo wa seli yetu unaotia alama protini za kutupwa. Mlinzi hutiwa alama na kuvunjwavunjwa na mwili wake mwenyewe. Hakuna dawa dhidi ya Vif iliyofika hospitalini, na ugumu wake unaeleweka: mtambo uliotekwa ni wetu, unafanya kazi nyingine chungu nzima, na kuuzuia ni kujidhuru.

Kuna namna nyingine ya kujificha inayonishangaza zaidi. Seli yetu ina mlinzi wa kuhisi DNA iliyo nje ya kiini, maana DNA mahali hapo ni ishara ya uvamizi. Rivasi transkriptezi hutengeneza DNA hasa. Inakuwaje kengele isilie? Kirusi hufanya unakili wake ndani ya ganda lake, kapsidi, likiwa bado zima, na mabaki yanayovuja nje husafishwa na kimeng'enya chetu wenyewe, TREX1, ambacho kazi yake ya kawaida ni kuzuia kinga isitushambulie kwa sababu ya DNA yetu wenyewe. Usafi wetu unakifunika kirusi. Lakini kapsidi hiyo, ambayo haina jukumu lolote la kikemia, ndiyo inayolengwa na lenakapaviri, sindano inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka. Mwaka 2024 utafiti wa Afrika Kusini na Uganda ulitangaza kwamba kati ya wanawake 2,134 waliodungwa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ni kweli basi kwamba kimeng'enya si lengo pekee. Lakini kapsidi nayo ni mali ya kirusi peke yake, na kanuni niliyoitaja mwanzoni inasimama.

Mfugaji wa ng'ombe wawili watatu wa maziwa pale Ruiru, kwenye banda la kulishia lililobanwa kati ya majengo ya ghorofa, ana kirusi chake cha kumwondolea usingizi. Ugonjwa wa miguu na midomo huwatoa ng'ombe malengelenge ulimini na kwatoni, maziwa hukauka, karantini hutangazwa na soko la mifugo hufungwa. Kirusi chake kina herufi zipatazo 8,400 za RNA, na protini ya kwanza kabisa kinayoitengeneza ni kimeng'enya cha kukata, protezi ya L. Hiki hakikati protini za kirusi tu. Hukata protini moja ya seli ya ng'ombe ambayo husaidia ribosomu kusoma maagizo ya kawaida, yale yenye kofia ya kikemia mwanzoni mwake. Maagizo ya kirusi hayahitaji kofia hiyo. Yana mlango wake wa ndani wa kuingilia. Matokeo yake ni kwamba seli huacha kutengeneza protini zake na kuendelea kutengeneza za kirusi. Miongoni mwa protini zinazokosekana ni interferoni, ile ambayo ingezionya seli jirani. Kimeng'enya kimoja, kwa mkato mmoja, kimeteka kiwanda na kukata simu.

Ushahidi kwamba hiyo ndiyo siri yake umetoka kwa virusi vilivyoondolewa protezi hiyo kwenye maabara: bado viliweza kuzaana ndani ya seli, lakini ng'ombe aliyeambukizwa navyo hakuugua inavyotarajiwa. Tofauti na Ukimwi, hapa hatuna kidonge. Tuna chanjo, inayotengenezwa na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI pale Embakasi. Na hapa tena makosa ya kimeng'enya yanatusumbua. Polimerezi ya kirusi hiki haihakiki nakala zake, na kwa muda mrefu imezaa aina saba zisizokingana. Nchini Kenya huzunguka aina O, A, SAT1 na SAT2. Ng'ombe aliyechanjwa dhidi ya aina moja hana kinga dhidi ya nyingine, na kinga yenyewe hufifia upesi hata inambidi mfugaji arudie chanjo kila miezi sita. Mfugaji anayedai chanjo haifanyi kazi mara nyingi amekutana na aina ambayo haikuwamo kwenye chupa, na anastahili kuelezwa hivyo badala ya kulaumiwa.

Korona nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa inapinga wazo kwamba virusi vyote vya RNA ni wazembe. Machi 26, 2021, Kiambu ilipofungiwa pamoja na Nairobi, Machakos, Kajiado na Nakuru, kirusi kilichokuwa kikitufungia kilikuwa na herufi karibu 30,000, nyingi kuliko za kawaida kwa virusi vya RNA. Kinaweza kubeba mzigo huo kwa sababu kina kimeng'enya cha kuhakiki nakala na kung'oa herufi mbaya, jambo lililofanya dawa kadhaa za aina ya shanga zishindwe kukidhuru. Kina kingine kinachoyavisha maagizo yake kofia inayofanana na ya kwetu, hata walinzi wa seli huyaona kuwa ya nyumbani. Pigo lililofanikiwa zaidi kwa kidonge lilikuwa dhidi ya protezi yake kuu, ambayo hukata mahali ambapo vimeng'enya vyetu kwa kawaida havikati. Tena, mali ya kirusi peke yake.

Nirudi kwenye Ukimwi, kwani huko ndiko maamuzi yanakotungoja. Dawa ikishajulikana kwamba inakizuia kimeng'enya, swali hutoka kwenye seli na kuingia nyumbani. Wanawake 348 wa umri wa miaka 18 hadi 24 wa Thika na Kisumu walipewa PrEP na chupa iliyorekodi kila inapofunguliwa, na baadhi yao walitumiwa ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha. Ujumbe haukuleta tofauti, na kadiri miezi ilivyopita umezaji ulipungua. Tenofoviri haikuwa imeshindwa. Haikuwa ndani ya seli. Kidonge kinachofanana na cha mgonjwa wa Ukimwi ni kigumu kukiweka kwenye chumba cha kupanga unachokaa na shangazi au na mpenzi anayeuliza maswali. Watafiti wa Thika, akiwemo Profesa Kenneth Ngure wa Chuo Kikuu cha JKUAT pale Juja, wamefanya kazi ya kuileta dawa mahali watu walipo, yakiwemo maduka ya dawa ya mitaani ambako hakuna anayekuuliza umefuata nini. Naliona jambo hili kuwa sehemu ya sayansi ya kimeng'enya, kwani bila hilo, ujuzi wa kukizuia kimeng'enya hauna maana.

Na kirusi hakijaacha kukosea. Mwaka 2017 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuanza kutumia dolutegraviri ya bei nafuu, dawa inayoizuia integrezi, na leo ndiyo nguzo ya kidonge kimoja cha kila siku kwa wagonjwa wengi. Ina sifa njema: kirusi hupata shida kuiepa, kwa maana mabadiliko yanayolegeza mshiko wake huidhoofisha integrezi yenyewe. Lakini Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoonyesha usugu wa asilimia 3.9 hadi 8.6 katika tafiti za nchi kadhaa, na asilimia 19.6 kwa wale waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa na virusi vingi. Usugu katika kundi hili la mwisho ulitarajiwa. Mtu ambaye damu yake ina virusi vingi siku anayobadilishiwa dawa ana makosa mengi tayari mwilini, na kama dawa mbili zilizo pamoja na dolutegraviri zimeshadhoofika kwa usugu wa zamani, hii moja hubaki peke yake, kama AZT mwaka 1987.

Kipimo cha wingi wa virusi pekee hakiwezi kumwambia daktari wa Thika au wa Ruiru kama mgonjwa wake hamezi dawa au anaimeza na kirusi kimeiepa. Kinachotenganisha hayo mawili ni kusoma jeni ya integrezi ya kirusi alicho nacho mgonjwa huyo. Kipimo hicho ni ghali na mara nyingi huja baada ya miezi ya ushauri wa kuambiwa ajitahidi zaidi. Kwa mtu aliyejitahidi kweli, miezi hiyo ni ya lawama isiyo haki, na kwa kirusi ni muda wa kuandika nakala nyingine. Msaada wa Marekani, uliogharamia sehemu kubwa ya huduma hizi, ulipositishwa ghafla Januari 2025, vipimo vya namna hii viliwekwa kwenye hatari ya kukatwa mapema kuliko vidonge, kwani mtu akikosa kidonge huonekana mara moja, na akikosa kipimo haonekani. Serikali ya Kenya na kaunti zake zikikaa kupanga bajeti, nataka kipimo cha usugu kiwe kwenye mstari mmoja na vidonge, kwa kila ambaye virusi vyake havijashuka baada ya miezi sita ya dolutegraviri.